Amana za Mtaa: Miaka 10 ya Benki ya Sanaa ya Stony Island, 2015–2025

Kwenye makutano ya Barabara ya Stony Island na Mtaa wa 68, upande wa kusini wa jiji la Chicago, limesimama jengo la nguzo nyeupe ambalo miaka michache kabla ya 2015 lilikuwa likisubiri kubomolewa. Leo ni nyumba ya vitabu, santuri, picha na maonyesho. Wenyeji huiita Benki, kama wazee wao walivyoiita, ingawa hakuna anayeweka wala kutoa fedha humo. Mwezi Oktoba 2025 ilitimiza miaka 10 tangu ifungue milango yake kwa umma kwa jina la Stony Island Arts Bank, yaani Benki ya Sanaa ya Stony Island.

Historia yake inafaa kusimuliwa kwa utaratibu, kwa sababu watu wengi wanajua kipande kimoja tu, kile cha jengo kuuzwa kwa dola 1. Bei hiyo ni kweli. Lakini dola 1 haikuliokoa jengo hili. Kilicholiokoa ni mali iliyokuwa imekosa pa kukaa: maktaba nzima, santuri za duka lililofungwa, maelfu ya slaidi za kioo na vitu ambavyo hakuna jumba la makumbusho lililovigombania. Mali ilitangulia, nyumba ikafuata.

Benki ya akiba, 1923

Miaka ya 1920 Chicago ilikuwa ikitanuka kwa kasi kuelekea kusini. Sheria za jimbo la Illinois wakati huo zilikataza benki kuwa na matawi, kwa hiyo kila mtaa uliopata nguvu ulianzisha benki yake. Wakazi wa Stony Island nao wakapata yao, benki ya akiba iliyosanifiwa na William Gibbons Uffendell na kujengwa mwaka 1923.

Sura ya jengo ilikuwa na kazi yake. Bima ya serikali ya kulinda akiba za wananchi ilianzishwa Marekani mwaka 1933 tu. Kabla ya hapo mwenye akiba alipotaka kujua kama fedha zake ziko salama, alichoweza kuangalia ni uimara wa kuta, unene wa mlango wa chumba cha hazina na sifa ya meneja mtaani. Ndiyo maana benki ndogo za enzi zile zilijengwa kama mahekalu ya Kirumi, zikiwa na nguzo ndefu mbele, ukumbi mpana usiokatwa na vyumba, na dari la juu lenye nakshi za lipu. Fundi cherehani au mwuza nyama aliyeingia na dola zake chache alipaswa kutoka akiamini kwamba kitu kizito hivi hakiwezi kuanguka.

Vingi vilianguka. Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza 1929 uliziumiza vibaya benki za mitaani za Chicago kuliko za miji mingi ya Marekani, na kati ya 1930 na 1933 benki nyingi za aina hii zilifunga milango huku akiba za watu zikiwa ndani. Jengo la Stony Island lilibaki limesimama, na shughuli za kibenki zikaendelea humo kwa miongo mingine kadhaa.

Mtaa wabadilika, benki zaondoka

Katika karne ya 20 Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi, na Chicago ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya safari hiyo. Walipofika walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa upande wa kusini wa jiji. Hati nyingi za nyumba zilikataza kuuziwa mtu Mweusi, na ingawa Mahakama Kuu ya Marekani iliziondolea nguvu hati hizo mwaka 1948, njia nyingine za kuwazuia zilibaki. Ramani za wakopeshaji zilizochorwa miaka ya 1930 ziliipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi kuonyesha kwamba mkopo wa nyumba huko ni hatari. Familia iliyotaka kununua mara nyingi ililazimika kuingia mikataba ya malipo ya kila mwezi ambayo, ukichelewa mara moja tu, unapoteza nyumba pamoja na kila senti uliyokwisha kulipa.

Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 mitaa inayopakana na Stony Island, ukiwemo South Shore, ilibadilika kutoka mitaa ya Wazungu na kuwa ya Weusi. Wazungu waliondoka kwa wingi, na fedha zikawafuata. Mwaka 1972 benki kubwa ya South Shore iliomba kuhamia katikati ya jiji. Wakazi walipinga, wasimamizi wa benki wa serikali wakawasikiliza, na ombi likakataliwa. Mwaka uliofuata kundi la wanabenki wenye nia tofauti liliinunua benki hiyo ili ikopeshe papo hapo mtaani. Ikajulikana baadaye kama ShoreBank, ikawahi kuishauri benki ya Grameen ya Bangladesh, na ikadumu hadi ilipofilisika mwaka 2010.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba watu wa eneo hili walijua vizuri sana benki ina maana gani kwa mtaa, na waliwahi kuipigania. Jirani yao wa Stony Island hakupata bahati hiyo. Kufikia miaka ya 1980 benki ilikuwa imefungwa.

Miaka ya kufuli

Kwa zaidi ya miongo miwili jengo lilikaa tupu. Paa lilitoboka, mvua na theluji vikaingia, maji yakajaa chini ya ardhi, na dari la ukumbi likaanza kumenyuka na kuanguka vipandevipande. Jiji lililichukua, nalo, kama linavyofanya kwa majengo mengi yaliyotelekezwa upande wa kusini, likapanga kulibomoa.

Mfinyanzi wa Mtaa wa Dorchester, 2006–2012

Theaster Gates alizaliwa Chicago mwaka 1973, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Mwenyewe alisomea mipango miji na ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, akasoma masuala ya dini Cape Town, na akajifunza ufinyanzi pia Tokoname, mji wa Japani wenye jadi ya vyungu. Mipango miji, udongo na paa: ni vigumu kumtafutia mtu maandalizi mazuri zaidi ya haya kwa kazi iliyomsubiri.

Mwaka 2006 alinunua nyumba ndogo Mtaa wa Dorchester, si mbali na Benki. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, bei za nyumba ziliporomoka na mtaa ukajaa nyumba zilizofungwa, naye akaongeza nyingine za jirani. Wakati huohuo biashara ndogo za kitamaduni za Chicago zilikuwa zikifa. Duka la vitabu vya usanifu majengo, Prairie Avenue Bookshop, lilifungwa 2009, na Gates akachukua vitabu vyake 14,000. Duka la santuri la Dr. Wax nalo likafunga, akachukua santuri 8,000. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na slaidi za kioo 60,000 za historia ya sanaa ambazo walimu hawakuzihitaji tena, kwa kuwa picha zote sasa zilikuwa kwenye kompyuta. Akazichukua nazo.

Nyumba za Dorchester zikawa maktaba, chumba cha kusikilizia muziki, na mahali pa kulia chakula na kuzungumza. Ili kuendesha kazi hiyo bila kuitegemea mikono ya mtu mmoja, aliunda taasisi isiyo ya faida, Rebuild Foundation. Mwaka 2012 mbao na vipande vya nyumba moja ya Dorchester vilisafirishwa hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya Documenta, na kutumiwa kukarabati nyumba iliyochakaa ya huko. Mzunguko ukawa umeeleweka: mabaki ya mtaa yanageuka sanaa, sanaa inauzwa, na fedha zinarudi mtaani kununulia misumari.

Ila nyumba zilikuwa ndogo na makusanyo yalizidi kukua. Vitabu ni mzigo mzito, na sakafu ya mbao ya nyumba ya familia haikujengwa kubeba maktaba. Palihitajika jengo kubwa, lenye kuta za mawe na sakafu ya kubeba uzito. Lilikuwepo moja jirani, na jiji lilitaka kuliondoa.

Dola 1 na marumaru ya chooni, 2012–2013

Makubaliano na jiji, wakati Meya akiwa Rahm Emanuel, yalikuwa mepesi kuyasema na magumu kuyatimiza. Gates angelipata jengo kwa dola 1, kwa sharti kwamba fedha za kulikarabati atazitafuta mwenyewe. Zilihitajika mamilioni. Benki za kawaida hazikuwa na hamu ya kukopesha jengo bovu kwenye barabara iliyokuwa imeachwa na wakopeshaji miaka yote hiyo. Sababu zilezile zilizoua benki ya 1923 zilikuwa bado kazini.

Jibu lake lilitoka ndani ya jengo lenyewe. Vyoo vya zamani vya Benki vilikuwa na vizuizi vya marumaru kati ya sehemu za kujisaidia haja ndogo. Mafundi walivitoa, wakavisafisha na kuvikata vibao vidogo. Kila kibao kikachongwa kama hatifungani, kikawekwa sahihi ya msanii na maneno ya Kiingereza yanayofuata mfano wa yale yaliyo kwenye noti ya dola ya Marekani, ila hapa imani imewekwa kwa sanaa. Vibao 100 vilipelekwa mwaka 2013 kwenye maonyesho ya biashara ya sanaa ya Art Basel, Uswisi, na kuuzwa dola 5,000 kimoja.

Ukipiga hesabu, ni dola 500,000 kutokana na mawe ambayo kontrakta yeyote angeyapakia kwenye lori la taka. Ila uzito wa jambo lile uko zaidi ya hesabu. Hatifungani ni ahadi ya mkopaji kwa mkopeshaji. Matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuwa tayari kununua jiwe lenye jina la msanii anayepanda chati walikuwa, kwa kitendo hichohicho, wanaukopesha mtaa ambao mabenki yao yaliukimbia. Walijua wanachofanya, maana kila kitu kilielezwa waziwazi. Ninaona kwamba hapa ndipo taasisi ilipozaliwa hasa, kabla ya ufunguzi wowote: siku jengo lililokufa kwa kukosa mikopo lilipotoa hatifungani yake lenyewe na watu wakainunua. Mauzo hayo yalifungua milango ya wafadhili wengine, na kazi nzima, kwa taarifa zilizotolewa wakati huo, iligharimu takribani dola milioni 4.5.

Ukarabati: kipi kitengenezwe, kipi kiachwe

Jengo lina ukubwa wa futi za mraba 17,000 hivi. Kwa jumba la sanaa katika jiji lenye Art Institute ya Chicago, hiyo ni nafasi ndogo, na waanzilishi hawakujaribu kuifanya ionekane kubwa.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya makovu. Paa, mifumo ya maji, umeme na joto vilipaswa kuwa vipya kabisa, hapakuwa na mjadala. Lakini dari la ukumbi, ambalo nakshi zake zilikuwa zimeliwa na unyevu wa miaka mingi, lingeweza kurudishwa kama lilivyokuwa 1923 au kuachwa na majeraha yake. Waliliacha sehemu kubwa. Walichofanya ni kuzuia lipu isiendelee kuanguka, ili rangi zilizomenyuka na matofali yaliyojitokeza vibaki vikionekana. Mgeni anayeingia leo anaona mistari ya nakshi ikienda vizuri, ikikatika ghafla, kisha ikiendelea mbele.

Chini ya ardhi, chumba cha hazina kimeachwa kama kilivyokutwa. Mlango mzito wa chuma uko wazi. Ndani, ukuta kwa ukuta, ni visanduku vya amana, safu juu ya safu, vimeliwa na kutu mpaka vimekuwa rangi ya kahawia iliyoiva. Vingine vimefunguka, vingine vimejipinda, vingine vimekosa milango yao midogo kabisa. Kila kimoja kiliwahi kuwa na mwenyewe na ufunguo wake, na humo zilikaa hati za nyumba, pete, na vyeti vya kuzaliwa. Wabunifu wangeweza kupageuza mahali hapo kuwa baa, kama ilivyofanyika kwenye benki nyingi za zamani Marekani na Uingereza. Kupaacha palivyo ulikuwa uamuzi wa heshima kwa watu ambao mali zao zilipita pale, na ndio chumba ambacho wageni wengi hukipiga picha kwanza.

Ghorofa ya juu ilipewa maktaba. Rafu zilipandishwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kimo cha ghorofa mbili, na vitabu vya juu hufikiwa kwa ngazi. Hapa ndipo jengo la benki linapomfaa mkutubi: ukumbi mpana, nguzo imara, na mwanga unaoingia kutoka madirisha marefu.

Wasomaji wa Nairobi wanalijua jambo la namna hii kwa macho. Jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kati ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Tom Mboya, lilikuwa benki kabla ya kuwa hifadhi. Ghorofa yake ya chini ina Jumba la Sanaa la Murumbi, lenye kazi za sanaa za Kiafrika zilizokusanywa na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Huko nako mkusanyaji alitangulia. Mtu alitumia maisha yake kukusanya vitu ambavyo wengine waliviona ni vya kuuzia watalii, na jengo lililojengwa kulinda fedha likaja kuvipa hifadhi.

Amana nne

Tarehe 3 Oktoba 2015 Benki ilifunguliwa, siku ileile lilipoanza tamasha la kwanza la usanifu majengo la Chicago, Chicago Architecture Biennial. Katika ukumbi mkuu msanii Carlos Bunga, mzaliwa wa Ureno, alisimamisha kazi yake kubwa ya makaratasi magumu na rangi, ikipanda kuelekea dari lenye makovu. Lakini nguvu ya taasisi tangu siku hiyo imekuwa makusanyo manne ya kudumu.

La kwanza ni maktaba ya Johnson Publishing. John H. Johnson alianza kuchapisha mwaka 1942 kwa jarida la Negro Digest, akaongeza Ebony mwaka 1945 na Jet mwaka 1951. Kwa nusu karne hapakuwa na nyumba ya Wamarekani Weusi yenye kujiweza kidogo iliyokosa mojawapo mezani. Jet ndilo lililochapisha mwaka 1955 picha za mwili wa Emmett Till, kijana wa Chicago wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, na picha hizo zikaamsha kizazi kizima. Ebony liliandika pia kuhusu Afrika iliyokuwa ikijikomboa, na Johnson mwenyewe alikuwa kwenye msafara wa Makamu wa Rais Richard Nixon uliozuru Afrika mwaka 1957 na kuhudhuria uhuru wa Ghana. Maktaba iliyokuja Benki ni ile ambayo wahariri wa majarida hayo waliitumia kazini: vitabu vyao, magazeti yao, marejeo yao. Ilipewa Rebuild Foundation baada ya kampuni kuuza makao yake makuu ya Barabara ya Michigan, na pamoja nayo zikaja samani za ofisi hizo za kifahari.

La pili ni santuri za Frankie Knuckles. Alizaliwa New York mwaka 1955, akahamia Chicago mwaka 1977 kupiga muziki kwenye klabu ya Warehouse, na kutokana na jina la klabu hiyo aina ya muziki aliyoikuza ikaitwa house. Alifariki Machi 2014. Mkusanyo wake wa santuri zipatazo 5,000 ungeweza kugawanywa na kuuzwa kipande kimoja kimoja kwa wakusanyaji wa London na Tokyo. Umekaa Chicago, mahali muziki huo ulipozaliwa, na unapigwa. Hili la kupigwa ni muhimu. Santuri ya Knuckles ina alama za vidole vyake na michubuko ya usiku mrefu, na watunzaji walikataa kuifanya kitu cha kutazamwa tu nyuma ya kioo. Nyingi zinahamishiwa kwenye kompyuta ili zisikike bila kuchakazwa.

La tatu ni slaidi za kioo zilizotoka Chuo Kikuu cha Chicago, 60,000. Kila slaidi ni vipande viwili vya kioo vya inchi 3¼ kwa 4, picha imebanwa katikati, kingo zimefungwa kwa utepe mwembamba wa karatasi. Zinaanzia michoro ya mapangoni na kufika sanaa ya kisasa. Vizazi vya wanafunzi viliijua sanaa ya dunia kupitia kioo hiki, na anayepitia droo zake taratibu anaona jambo jingine: kipi wasomi wa karne ya 20 walikiona kuwa historia ya sanaa, na kipi hawakukipa hata slaidi moja.

La nne ndilo gumu. Ni vitu 4,000 vilivyokusanywa na Edward J. Williams, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa benki: matangazo ya biashara, vyombo vya jikoni, vibweta vya sarafu, wanasesere na vitu vingine vilivyotengenezwa kumdhihaki mtu Mweusi, vikauzwa madukani kama mapambo ya kawaida. Williams alivinunua ili visiendelee kuzunguka sokoni. Taasisi nyingi zingeona aibu kuvipokea. Benki ilivipokea na inavionyesha kwa uangalifu, vikiwa na maelezo, na ninaamini ilifanya sawa. Kitu cha namna hii kikitupwa, mjukuu ataambiwa hakikuwahi kuwepo.

2015–2025: kazi ya miaka 10

Mwaka wa kwanza ulionyesha kwamba Benki haitakuwa jumba la kupitia tu. Mwaka 2016 ilipokea kibanda cha bustani kutoka Cleveland, Ohio, kilichobomolewa na kupakiwa kipande kwa kipande. Novemba 2014 Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akichezea bunduki ya bandia, alipigwa risasi na polisi karibu na kibanda hicho. Jiji lilitaka kukiondoa. Mama yake, Samaria Rice, alitaka kitunzwe, na Benki ikakubali kukitunza. Mwaka 2019 kilisimamishwa tena kwenye uwanja wa nyasi pembeni mwa jengo, mahali watu waliweza kuketi chini yake na kukumbuka. Kati ya mambo yote yaliyofanywa na taasisi hii, hili ndilo lililohitaji ujasiri zaidi, na lilifanywa bila kelele.

Mwaka 2018 maonyesho ya kampuni ya Johnson yalijaza ghorofa zote kwa samani, picha na majarida. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilifilisika rasmi, na hazina yake ya picha ikauzwa kwa kundi la wakfu za hisani kwa dola milioni 30. Thamani ya kile kilichokuwa kwenye rafu za Stony Island ikawa imethibitishwa hadharani. Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga kumbi zote za jimbo, Benki ikiwemo, na shughuli za mkusanyiko zikasimama. Zilirudi polepole. Mwaka 2024 Gates alirudi na maonyesho yake mwenyewe yaliyotokana na hazina ya Johnson.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1923 | Jengo la benki ya akiba lajengwa. Msanifu William Gibbons Uffendell |
| Miaka ya 1980 | Benki yafungwa. Jengo labaki tupu |
| 2006 | Gates anunua nyumba ya kwanza Mtaa wa Dorchester |
| 2009 | Vitabu 14,000 vya usanifu majengo vyaokolewa |
| 2012–2013 | Makubaliano na jiji. Jengo lapatikana kwa dola 1 |
| 2013 | Hatifungani 100 za marumaru zauzwa Art Basel |
| 3 Oktoba 2015 | Benki ya Sanaa yafunguliwa kwa umma |
| 2016 | Kibanda cha Tamir Rice chapokelewa |
| 2018 | Maonyesho ya kampuni ya Johnson |
| 2019 | Kibanda chasimamishwa uwanjani |
| 2020 | Milango yafungwa kwa UVIKO-19 |
| 2024 | Maonyesho mapya ya hazina ya Johnson |
| 2025 | Miaka 10 |

Uongozi na huduma

Awamu ya kwanza ya uongozi ilikuwa ya mwanzilishi: jina lake, mikono yake na uwezo wake wa kuuza kazi za sanaa ndivyo vilivyobeba kila kitu. Hali hiyo ina hatari yake, kwa kuwa taasisi inayomtegemea mtu mmoja huzeeka naye. Kwa hiyo majukumu ya kila siku yako mikononi mwa Rebuild Foundation, yenye bodi, uongozi wa utendaji, waratibu wa maonyesho na watunza nyaraka. Kazi ya mtunza nyaraka haionekani kwenye picha za ufunguzi, lakini ndiyo inayokula saa nyingi zaidi: kusafisha slaidi moja, kuandika inachoonyesha, kuipa namba, kuirudisha kwenye droo, na kuichukua inayofuata.

Umma unapata maonyesho ya sanaa, ziara za kuongozwa, maktaba ya kusomea na kutafitia, mihadhara, filamu na muziki. Kiingilio ni bure. Jumapili za muziki wa house zimekuwa na wafuasi wake: dijei anaweka santuri, na watu wa rika zote wanacheza chini ya dari lililomenyuka, wazee waliokuwepo Warehouse pamoja na wajukuu waliosikia habari zake tu. Wanafunzi wa vyuo wanakuja kwa Johnson, wasanifu wanakuja kwa jengo, na majirani wanakuja kwa sababu ni mahali pa kwenda.

Mazingira yenyewe yanabadilika. Kaskazini kwenye Barabara hiyohiyo ya Stony Island, mwendo wa maili moja hivi, ujenzi wa Kituo cha Rais Barack Obama ulianza mwaka 2021 katika bustani ya Jackson Park, na wakazi wanajadili kwa hofu ya haki kuhusu kodi za nyumba zitakazopanda. Benki nayo iko ndani ya mjadala huo, maana jumba la sanaa linalopendeza huongeza bei ya nyumba za jirani, litake lisitake. Mwaka 2014, kabla hata ya ufunguzi, Gates na washirika wake walikuwa wamekamilisha nyumba 32 za kupanga Mtaa wa Dorchester, baadhi zikitengewa wasanii na familia za kipato kidogo. Mwenye kutoka Kogelo au Kisumu kwenda kukitazama kituo chenye jina la mtoto wa Mjaluo anaweza kushuka kusini kwa miguu au kwa basi hadi Mtaa wa 68. Maktaba ya Johnson iko ghorofa ya juu.